Kosa moja, nyumba mbili

Watu wakisikia mimi ni afisa ustawi wa jamii na siku nyingi nashinda Mahakama ya Watoto hapa Kisutu, Dar es Salaam, huniuliza: mtoto akiiba anakula miaka mingapi? Hali hata mwaka mmoja. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakataza kumfunga jela aliye chini ya miaka 18. Hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, kuamuru fidia ilipwe, kumkabidhi kwa mtu anayefaa aliye tayari kumlea, au kumrudisha nyumbani au wilayani kwao kwa gharama ya Serikali. Pia kuna shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani ili warekebishwe tabia.

Anapochagua, ripoti yangu iko mezani kwake, na sehemu kubwa ya ripoti hiyo inahusu nyumbani. Huwa naenda bila taarifa. Naongea na mjumbe, napitia shuleni kuona mahudhurio, kisha naomba nionyeshwe kijana analala wapi. Hapo ndipo wenye nyumba huanza kutazamana.

Nilikuwa na vijana wawili wa miaka 15, walivunja duka pamoja, wakabeba simu. Wa kwanza analelewa na bibi yake Manzese, muuza vitumbua. Bibi alifika mahakamani kabla ya karani. "Mheshimiwa, nipe mimi. Akirudia nitamleta mwenyewe." Kijana aliachiwa kwa masharti, chini ya uangalizi wetu.

Mwenzake alitoka Singida na lori. Mama kaolewa kwingine, baba hapokei simu. Baba mdogo alipokea, akasema, "Huyo mlee nyie," akakata. Ningeandika nini? Kumrudisha kwao kungekuwa kumpakia basi la kwenda kwenye mlango uliofungwa. Akabaki mahabusu ya watoto Upanga, wanakoshikiliwa watoto wakisubiri kesi, kisha Irambo.

Simlaumu hakimu, alipima alichopewa. Ila tusidanganyane kwamba lililopimwa pale ni kosa la mtoto peke yake. Walipimwa pia watu wazima wake, na mmoja wa vijana wale hakuwa nao.

Tangu hapo natafuta mapema, tena nje ya ukoo, maana sheria haijasema mtu anayefaa lazima awe ndugu. Juzi kajitokeza fundi seremala wa Mbagala kumchukua kijana mwingine, aliyekuwa akimpigia msasa kazini. Hakimu akamuuliza kama mke wake anajua. "Ndiye aliyenituma, Mheshimiwa." Amri ikaandikwa siku hiyohiyo.