Engaruka hadi Ngare Sero kwa miguu, na begi la kilo 12

Walionishauri kabla ya safari hii ya miguu kuelekea Ziwa Natron walikuwa wengi, na karibu wote hawajawahi kubeba kitu kizito kuliko kikapu cha sokoni. Mmoja aliniambia ninunue begi la lita 80, eti nisije nikakosa nafasi. Mimi nauza mabegi ya mitumba pale soko la Memorial, Moshi, na kabla ya biashara hii nilikuwa mgumu, ndivyo tunavyoitana wapagazi wa Kilimanjaro. Begi kubwa halibaki tupu hata siku moja. Mwenye nalo ataona pembe ina nafasi, atasukumia suruali ya pili, halafu viatu vya pili, halafu sufuria. Nikachukua la lita 40 hivi, lililopauka rangi, zipu nzima, na mkanda wa kiunoni mpana. Huo mkanda ndio unaonunua. Mifuko ya pembeni ni urembo.

Mwingine akaja na hesabu: kama mlimani ulibeba kilo 20, huko tambarare si utabeba hata 25? Huyu aliniudhi zaidi maana anajiita mtu wa milima. Getini mzigo wa mgumu unapimwa, 20 ndiyo mwisho, ni kweli. Na ni kweli pia kwamba ukitoka kambi ya Horombo kwenda kambi ya Kibo unavuka ukanda mkavu kabisa, na maji ya kutumia Kibo ni sisi tuliokuwa tunayapandisha. Lakini kule kuna baridi. Chini ya Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano, mwezi wa tisa, kila kilo unayoongeza inakutoa jasho, jasho linadai maji, na lita 1 ya maji ni kilo 1 nyingine mgongoni. Kwa hiyo ukibeba sufuria unalazimika kubeba na maji ya kuibebea hiyo sufuria. Nilimweleza hivyo, akacheka. Hakuja.

Aliyekuja ni shemeji yangu wa Arusha, mtu wa ofisini, mwenye simu iliyojaa video za Wazungu wanaotembea jangwani.

Siku moja kabla ya kuondoka nilibeba vitu vyangu vyote hadi kwa muuza mchele mtaani, nikaomba mizani. Alidhani nimeleta mali ya kuuza. Nikapima kimoja kimoja mbele ya wateja wake: jinzi peke yake ilikaribia kilo nzima, ikarudi nyumbani. Taulo likarudi, kanga kuukuu ikachukua nafasi yake. Hema halikufika hata kwenye mizani, kwa sababu usiku tungelala ndani ya boma, kwenye ua wa miiba, na kule fisi ni wengi kuliko nafasi za kujipigia hema kishujaa. Nikabaki na shuka la Kimasai, sweta moja (upepo wa usiku usiuchezee), neti, kandambili, tochi, chumvi na sukari kwenye karatasi. Chakula: chapati, karanga, kashata, tende. Maharage na unga niliviacha, maana chakula kikavu kinachohitaji kupikwa si chepesi. Uzito wake uko kwenye maji ya kupikia. Jumla kilo 6 na kidogo. Zilizobaki zikawa za maji. Maji sikupunguza. Joto lile mtu mmoja anamaliza lita 5 kwa siku bila kujisikia mlafi.

Sasa, kutoka Engaruka hadi Ngare Sero ni kilomita 50 na ushee, na katikati huna pa kununua maji. Ukibeba yote tangu mwanzo unarudi kwenye kilo 20 za yule bwana. Hapa ndipo nilipotumia akili ambayo najisifia mpaka leo. Jioni ya kuamkia safari nilimtafuta kijana wa bodaboda pale Engaruka, nikamfungia madumu mawili ya lita 20, nikamtanguliza na moran aliyekuwa anatuongoza hadi boma la jamaa zake, njiani upande wa mlima Kerimasi. Shemeji akauliza, tuko watatu, ya nini madumu mawili? Nikamwambia moja letu, moja lao. Ukipeleka dumu moja kwenye boma ambalo akina mama wanaamka usiku kufuata maji na punda, unamwomba mwenye kiu akulindie maji yako, na ndama wake wanamtazama. Ukipeleka mawili, la pili linalinda la kwanza. Nikaongeza sukari, majani ya chai na ugoro wa mzee. Bodaboda ilinila kama elfu thelathini, labda na tano, sikumbuki vizuri, mafuta yalikuwa yamepanda.

Tulipofika jioni yake, mimi begi likiwa jepesi na chupa zimekauka, dumu letu lilikuwa kivulini na kifuniko chake kimefungwa kitambaa. Hakuna aliyeligusa. Yeyo, yaani mama, wa boma alitupokea kwa chai ya maziwa, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuchaguachagua kama mzigo wangu ndio ule tu. Nilijibu kwa sauti ili shemeji asikie.

Kutembea kwenyewe sina mengi. Mnaondoka saa 10 alfajiri, saa 4 mnatafuta mgunga wenye kivuli, mnalala, saa 10 jioni mnaendelea. Atakayetembea saa 7 mchana ana haraka zake. Maji yakae mgongoni kabisa, juu, katikati ya mabega, na si kuning'inia nje. Dumu linaloning'inia linakuvuta nyuma kila hatua. Vumbi la majivu ya Lengai linaingia hata kwenye masikio, kwa hiyo kitambaa cha kufunga uso ni cha lazima.

Haya, shemeji. Begi lake lilikuwa na kilo 17, ila maji yalikuwa lita 2 tu, kwa sababu alikuwa na kichujio. Video zilimwambia kichujio kinageuza maji yoyote kuwa ya kunywa. Siku ya kwanza aliishi kwa chupa zangu. Siku tulipofika karibu na Ziwa Natron akaona vijito vya chemchemi vikichuruzika kuelekea ziwani, akafurahi, sasa nitamwonyesha. Moran akamwambia hayo hayanywewi. Shemeji akatabasamu kama daktari anayesikiliza dawa za kienyeji, akapiga magoti, akapampu kwa robo saa. Yakatoka meupe, safi, akayanyanyua juani tuyaone. Akanywa. Uso ukabadilika lakini heshima ikamkataza kutema. Akasema yana "madini." Akabandika chai kwenye jiko lake dogo la gesi, lile jiko lenye uzito wa kiatu, na ile chai ikageuka nyeusi na kuteleza mdomoni kama sabuni.

Kichujio kinazuia vijidudu. Magadi hakizuii, maana yameyeyuka kwenye maji. Lengai wenyewe unatoa lava ya magadi, chemchemi zinaibuka na magadi hayo, yote yanaishia ziwani, na Natron haina mto unaotoka. Jua linakausha maji, magadi yanabaki. Ni yale yale ambayo mama zetu wanatilia maharage ili yaive haraka. Kuchemsha nako kunayazidisha tu. Maji ya kunywa ni ya mto Ngare Sero, unaoshuka kutoka ukingo wa bonde, na hapo ndipo kichujio kilipofanya kazi yake kwa mara ya kwanza. Moran hakusema neno. Alijaza kibuyu chake akaenda kukaa.

Kuna ada za kuingia maeneo yale, ulizia Mto wa Mbu kabla hujaenda, zinabadilika.

Kurudi tulisubiri basi la kutoka Loliondo kwenda Arusha, alfajiri. Konda akapandisha begi la shemeji kwenye keria, akamtoza pesa ya mzigo, wakabishana mpaka abiria wakaanza kupiga kelele. Mimi langu nilikuwa nimelipakata. Konda akanitazama, akaniuliza mzigo wangu mwingine niliuacha wapi.