Z80 yangu haikuwa mbovu, ushauri ndio ulikuwa mbovu

Aliyeniambia "hiyo chipu imekufa, itupe" sidhani kama aliwahi kuishika Z80 ya zamani, ile prosesa ya kompyuta za biti 8. Ni yeye huyohuyo aliyenishauri nianze taratibu: niweke kitufe kwenye pini ya saa (inayopokea mipigo ya kuiendesha prosesa), nibonyeze, mpigo mmoja kwa kila kubonyeza, niione prosesa ikipiga hatua. Ushauri mtamu kusikia. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma na vitaa vya LED vikawaka ovyo. Nikaweka 555, chipu ya kutoa mipigo, ipige polepole badala ya kidole, mambo yakawa yaleyale.

Kumbe Z80 za mwanzo, zilizotoka Zilog kuanzia 1976, ni za NMOS, teknolojia ya zamani ya kutengeneza chipu. Ndani yake sehemu ya hali ya prosesa inashikiliwa na chaji ndogo ya umeme ambayo inavuja. Saa ikikawia, chaji inaisha na prosesa inasahau ilikuwa wapi. Zinazovumilia kusimamishwa ni za teknolojia ya CMOS, zenye maandishi Z84C00. Yangu ni Z8400A, haina hiyo C katikati. Soma mgongo wa chipu kabla ya kumsikiliza mtu.

Basi nikafanya kinyume, nikaipa megahezi 4 kamili. Pini zote nane za data nikazivuta chini (volti sifuri) kwa rezista, ili kila inaposoma ipate 00, yaani NOP: usifanye kitu, songa mbele. (Pini zenyewe zimevurugwa: D0 hadi D7 ni 14, 15, 12, 8, 7, 9, 10, 13. Usikisie.) WAIT, INT, NMI na BUSREQ, pini za kuiambia prosesa isubiri, ikatishwe kazi au iachie njia, nikazivuta juu; ukiziacha zinaelea, hata kusogeza mkono kunabadilisha vitaa.

Sasa raha yake. NOP moja inakula mipigo 4, kwa hiyo prosesa inapita anwani za kumbukumbu milioni moja kwa sekunde. Anwani zote ni 65,536, hivyo A15, biti ya juu kabisa ya anwani, pini ya 5, inakamilisha mzunguko kama mara 15 kwa sekunde. Kitaa kilikuwa kinatetemeka! Nikaipitisha A15 kwenye kihesabio cha kugawa kwa 16, kikawaka na kuzima karibu mara moja kwa sekunde, kwa utulivu kabisa. Maiti gani hiyo inayohesabu?

RAM (kumbukumbu ya kuandika na kusoma), ROM (ya kusoma tu, yenye programu ya kuwashia) na chipu ya siriali ya kuongea na skrini na kibodi niliunga kawaida tu. Gharama haikunitisha, ila kifaa cha kuandikia ROM ndicho kilichokula hela.

Kisha CP/M, mfumo endeshi ambao Gary Kildall aliuandika 1974 kwa ajili ya prosesa ya Intel 8080. Z80 inaelewa amri za 8080, hapo hakuna shida. Shida ni kwamba CP/M inataka RAM kuanzia anwani 0, na Z80 ikiwashwa inaanzia hapohapo 0, ambako RAM ina takataka. Suluhisho nililipenda mno: ROM na RAM zinakaa kwenye anwani zilezile, kusoma kunatoka ROM, kuandika kunaingia RAM. Unaita LDIR, amri ya kunakili kumbukumbu, huku HL (inakotoka data) na DE (inakokwenda) zikiwa na anwani ileile. Kwa macho inanakili kitu juu yake chenyewe, upuuzi mtupu, lakini ROM nzima inahamia RAM bila prosesa kuruka popote. Amri moja ya OUT, ya kutuma ishara nje ya prosesa, inazima ROM, na amri inayofuata inasomwa kutoka RAM kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ikatokea A>, alama ya CP/M kwamba inasubiri amri. Nikaandika DIR, orodha ya mafaili ikaja.

Ukifika hapo na herufi unazofuta zinajirudia kwenye skrini badala ya kupotea, usihangaike na waya. CP/M 2.2 ikipokea DEL, alama inayotumwa na kitufe cha kufuta, inaionyesha tena herufi iliyofutwa. Weka kibodi yako itume Ctrl-H (backspace).