Skrubu moja iliyoliwa, na vifaa ninavyovitegemea Chake Chake

Laptopu ililetwa Ijumaa baada ya sala, imefungwa ndani ya kanga. Mwenyewe ni mwalimu wa skuli, mama wa makamo, na nyumba yake iko karibu na pwani. Akaniambia, "Fundi, humu mna alama za watoto wangu za muhula mzima. Haiwaki tangu juzi." Nikamwambia, "Usijali Mwalimu, tutaitazama."

Nilipoigeuza moyo ukanishuka. Skrubu zote za chini zilikuwa salama isipokuwa moja ya pembeni. Hiyo kichwa chake kilikuwa kimeliwa, kimebaki shimo la mviringo. Kuna mtu aliyejaribu kabla yangu, na alitumia bisibisi isiyokuwa yake. Ninaandika haya kwa ajili ya skrubu hiyo, kwa sababu vijana wanaoanza kazi huniuliza wanunue nini, nami jibu langu huanzia hapo.

Sisi husema "bisibisi ya nyota" kana kwamba nyota ni moja. Sivyo. Ukubwa wake huandikwa kwa herufi PH na namba, na sifuri zikizidi ncha ni ndogo zaidi: laptopu nyingi zinataka PH0 na PH1, simu zinataka PH000 au PH00. Bisibisi ndogo kuliko skrubu huingia vizuri tu, ndiyo maana inadanganya watu, kisha ukikaza mkono inazunguka peke yake na kuyakwangua meno. Kipimo changu ni hiki: ninaichomeka kwenye skrubu na kuiachia. Ikisimama wima bila ya kucheza, ndiyo yake. Ikilegalega, ninatafuta nyengine.

Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Nyota ya Phillips ilipewa hataza Marekani mwaka 1936, na umbo lake limechongoka, kwa hiyo ukizidisha nguvu bisibisi hupanda juu na kutoka. Wajapani wana nyota yao, JIS, inayofanana nayo machoni lakini mashimo yake yamekatwa vyengine. Bisibisi ya Phillips haizami ndani yake ikafika chini. Redio, deki na kamera za Kijapani zilizojaa visiwani kwetu nyingi zina skrubu hizo, na mara kwa mara utaona kinukta kidogo juu ya kichwa chake. Tangu nilipopata bisibisi mbili za JIS sijala tena skrubu ya kamera. Na bisibisi ya JIS inaingia vizuri kwenye Phillips pia, kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kununua seti moja tu iliyo nzuri, nunua hiyo.

Skrubu ya Mwalimu nilianza nayo kwa kipande cha mpira wa baiskeli baina ya bisibisi na kichwa. Kwa skrubu kubwa husaidia, kwa hii haikuwa kitu. Nikakumbuka kwamba skrubu nyingi za laptopu hupakwa gundi ya buluu kwenye nyuzi zake ili zisilegee, na gundi hiyo hulainika kwa joto. Nikaweka ncha ya pasi ya kulehemu juu ya kichwa nikahesabu mpaka kumi, huku nikiangalia plastiki ya pembeni isiyeyuke. Kisha nikachukua PH1 mpya, nikaigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi nyengine mpaka ikajichimbia meno, nikakandamiza kwa uzito wa bega na kuzungusha kidogo sana. Ikatoa sauti ndogo, tk, ikaachia.

Skrubu nilizozitoa nilizichomeka kwenye kipande cha boksi nilichokichora umbo la laptopu, kila moja mahali pake. Usiache kufanya hivyo hata ukiwa na haraka. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi inaweza kuitoboa bodi, na hilo si kosa la kurekebishika.

Mfuniko nikaufungua kwa kadi ya plastiki, si kwa kisu. Betri nikaichomoa kabla ya kitu chengine chochote.

Sasa mita. Mita ya kawaida ya kupimia umeme, yenye kulia njia ikiwa nzima, inatosha, alimradi waya zake ziwe na ncha kali. Chaja ilinipa volti 19.5 kwenye plagi, kwa hiyo chaja nzima. Nikaichomeka, nikapima kwenye bodi nyuma ya jeki, lile tundu la chaja: sifuri. Nikaichomoa, nikaweka mita kwenye kulia, mguu wa jeki na njia yake kwenye bodi. Kimya, yaani njia imekatika. Hapo ugonjwa umejulikana, na sikubadilisha kitu hata kimoja kwa kubahatisha. Nimeona watu wakiuziwa bodi nzima kwa kosa la mguu mmoja uliopasuka risasi ya kulehemu, na hilo linaniuma, kwa sababu kifaa cha kuligundua kiko mkononi mwa kila fundi.

Nilipotazama kwa lenzi nikaona mpasuko umeuzunguka mguu, na ukungu wa kijani kwenye shaba ya karibu. Ni chumvi. Upepo wa bahari unaingia ndani ya nyumba na ndani ya mashine, feni inauvuta, unyevunyevu unafanya yaliyobaki. Hapo kifaa changu ni mswaki. Mswaki laini, nywele zimekatwa nusu ili ziwe ngumu kidogo, na spiriti safi ya asilimia 99. Ninasugua, ninafuta, ninasugua tena mpaka shaba ing'are. Simu iliyoingia maji ya bahari nayo huiosha hivyo hivyo. Wanaoifukia kwenye mchele wanapoteza saa zenye thamani, maana mchele hauondoi chumvi.

Kulehemu nilifundishwa Mkunazini, Unguja, na katika mafunzo yangu ikaingia ile miezi mitatu ya giza Unguja ilipokosa umeme, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Bwana aliyenifundisha alikuwa akitia nyundo ya shaba kwenye jiko la mkaa kama mafundi wa bati, akalehemu waya za redio kwa hiyo. Kwa bodi ya laptopu haifai, lakini ilinifundisha kuiangalia risasi yenyewe: inapong'aa na kutambaa imeshika, ikibaki kidonge cha kijivu haijashika.

Leo natumia TS100, pasi nyembamba kama kalamu inayokula volti 12 hadi 24. Naipenda kwa sababu moja kubwa: umeme ukikatika kazi haisimami. Chaja ya zamani ya laptopu inaiendesha, na betri ya sola pia. Ila ujue tofauti. Kwa volti 19 inatoa wati kama 40, kwa volti 12 ni 17 tu, na kwa wati 17 mguu wa jeki uliounganishwa na shaba pana ya bodi hautayeyuka, joto lote linamezwa. Nilingoja umeme. Nikatia risasi mpya ya kulehemu yenye madini ya risasi, ile ya bati 63 kwa madini hayo 37 inayoyeyuka kwenye nyuzi 183, ichanganyike na ya kiwandani isiyo na madini hayo, ambayo inataka kama 217. Mchanganyiko ukashuka upesi, mguu ukakaa. Dirisha wazi, na mikono nikaosha kwa sabuni kabla ya kugusa chai, kwani madini yale ni sumu.

Vifaa vyenyewe navyo vinaliwa na chumvi hiyo hiyo. Kila Alkhamisi navifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, navirudisha kwenye kopo la kubana pamoja na vile vipaketi vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vibano vyangu viwili, cha ncha iliyonyooka na cha iliyopinda, ni vya chuma kisichoshika kutu wala sumaku. Nina navyo miaka mingi na ncha bado zinakutana.

Mita ilipolia nikarudisha betri, nikachomeka chaja, taa ikawaka. Mwalimu alikuja Jumamosi asubuhi. Akaifungua hapo hapo mezani, akateremka na kidole kwenye orodha ya majina mpaka la mwisho, kisha akaifunga tena kwenye kanga yake. Skrubu ile iliyoliwa sikuirudisha. Niliweka nyengine kutoka kwenye laptopu mbovu, urefu ule ule, nikaikaza kwa mkono mwepesi.