Januari ile mtandao ulipozimwa

Kitabu cha biolojia cha mwaka wa sita wa sekondari kilikuwa kimoja tu shuleni kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, na wafinalisti, yaani wanafunzi wa mwaka huo wa mwisho, walikuwa zaidi ya 100. Ndiyo maana tangu Septemba 2018 kazi yangu ya maktaba nilikuwa naifanyia kwenye simu. Jioni nafungua kitabu mezani, nakibana kwa kipande cha kioo ili kurasa zisijikunje, napiga picha, natuma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. WhatsApp yenyewe inapunguza uzito wa picha. Hilo ni zuri kwa mwanafunzi wa mtaa wa Mabanga anayenunua mega za intaneti kwa kuhesabu sarafu, lakini ni baya kwa mchoro wa seli, kwani herufi ndogo zinafifia zote. Michoro basi niliituma kama faili, si kama picha, nayo ikafika safi. Asiyekuwa na simu ya kisasa alinakili daftarini kutoka kwa mwenzake.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye rafu na kompyuta ya mezani ya zamani. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na vitabu vya kwanza vya shule viliondoka nayo. Vilivyokuja baadaye vilikuwa vya msaada: ensaiklopidia zenye juzuu pungufu, na miongozo ya kodi ya Ufaransa. Sijui nani aliamua kwamba mtoto wa Goma anahitaji kujua kodi ya nyumba inavyolipwa Ufaransa, lakini tulivipanga rafuni kwa heshima zote.

Kura ya kumchagua rais wa Kongo ikapigwa tarehe 30 Desemba. Kesho yake WhatsApp ikakataa, Facebook ikakataa, hata SMS hazikutoka. Kupiga simu tu ndiko kulikobaki. RFI, redio ya Ufaransa, nayo ikanyamazishwa kwenye FM. Mshauri wa rais, Barnabé Kikaya bin Karubi, alieleza kwamba matokeo ya uongo yalikuwa yameanza kusambaa mitandaoni, kwa hiyo wamefunga ili kulinda utulivu. Hatukushangaa sana. SMS zilishafungwa Desemba 2011, intaneti ikafungwa Januari 2015. Ila safari hii siku zilizidi kusogea, shule ikafunguliwa baada ya sikukuu, na kundi langu la darasa lilikuwa limekufa na kurasa zake zote ambazo nilikuwa bado sijazituma.

Wanafunzi walianza kuja mlangoni. Niliweka daftari juu ya meza, kila mmoja aandike anachotafuta. Bado ninalo. Ukurasa wa kwanza unasema: mzunguko wa Krebs, Mkutano wa Berlin 1884-1885, tofauti ya mitosisi na meyosisi, Katiba ya 18 Februari 2006, ibara kuhusu elimu, namna ya kuandika utangulizi wa insha. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo usio na jina: «matokeo ya kura, yale mengine». Hilo nililiacha jinsi lilivyo.

Watu wa Goma wakati ule walikuwa na njia yao. Ukisogea karibu na mpaka, laini ya Rwanda inanasa mawimbi ya Gisenyi, mji wa Rwanda ulio jirani, na mitaa ya karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière ilijaa watu wazima wamesimama wameinamia simu, wafanyabiashara, waandishi wa habari, wachumba. Mimi nilihitaji zaidi ya ujumbe. Jumamosi nilichukua jetoni, kile kibali cha kuvukia mpaka, nikanawa mikono, nikapimwa joto kwa sababu ya Ebola ya Beni na Butembo, nikavuka na kompyuta ya mkononi niliyoazima.

Kabla sijavuka nilipita mtaa wa Birere kwa kijana anayetengeneza kompyuta. Nilimwonyesha daftari. Akacheka.

«Prof, utapakua ukurasa mmoja mmoja? Utazeekea huko Gisenyi. Chukua yote.»

«Yote gani, mdogo wangu?»

«Wikipedia yote. Ya Kifaransa.»

Ndipo akanieleza Kiwix. Ni programu ya bure: inaifungasha Wikipedia nzima katika faili moja, unaipakua mara moja, kisha unaisoma bila intaneti hata kidogo, pamoja na sehemu ya kutafutia maneno. Unaweza kuchagua yenye picha au isiyo na picha. Na kwa wadogo ipo Vikidia, kamusi elezo ya Kifaransa iliyoandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 13. «Uchukue na hiyo,» akasema, «hata wafinalisti wako wataielewa haraka kuliko ile kubwa.» Alikuwa na haki.

Gisenyi nilikaa mkahawani tangu asubuhi, kati ya watu wengine wa Goma wenye chaji zao na soda moja moja. Nilichagua ile isiyo na picha. Faili ilishuka taratibu, jua likageuka, nikanunua soda nyingine kwa kumwonea haya mwenye mkahawa.

Jumatatu maktabani, faili ikakataa kuingia kwenye flashi. Flashi ilikuwa tupu, ya gigabaiti 32, na bado kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Kijana wa Birere alinijibu kwa simu bila hata kuiona: flashi nyingi zinauzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, na mpangilio huo haupokei faili moja inayofika gigabaiti nne, hata nafasi iwe kiasi gani. Ifomati upya kwa exFAT, mpangilio unaopokea faili kubwa. Nikaifomati, ikaingia. Ninaandika jambo hili kwa makusudi, kwa sababu nimekutana na walimu wengi waliokwama hapo hapo wakidhani kompyuta yao ni mbovu.

Baadaye alikuja mwenyewe na ruta ya zamani, isiyounganishwa na kampuni yoyote, akaifunga kwenye ile kompyuta ya mezani. Mwanafunzi anaunganisha simu na Wi-Fi ya maktaba, anaandika namba za anwani kwenye kivinjari, na Wikipedia inafunguka, bila mega. Simu ya kwanza ilipofungua, mlangoni pakasikika kelele: «Mtandao umerudi!» Haukuwa umerudi. Ilinichukua muda kuwaeleza, na wawili waliendelea kujaribu Facebook mpaka kengele.

Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, alikuwa amepiga marufuku simu shuleni, akaja kuona kelele ni za nini. Nilimwambia, «Papa Prefe, tafuta chochote.» Akaandika jina la kijiji chake huko Rutshuru, akapata sentensi mbili, moja ikiwa na kosa. Alikasirikia lile kosa kwa dakika nzima, kisha akatoa ruhusa: simu ndani ya maktaba tu.

Wiki ile ile ikaangukia tarehe 17 Januari. Msichana mmoja alitafuta Nyiragongo na kuanza kusoma kwa sauti habari za mwaka 2002. Wale wafinalisti wote lava iliwakuta wakiwa wachanga. Mmoja alisema mama yake alimbeba mgongoni mpaka Gisenyi, na godoro kichwani. Mwingine akasema wao walikimbilia Sake. Krebs alisahaulika siku hiyo, nami sikumkumbusha mtu.

Mimi WhatsApp naipenda, na mtandao uliporudi karibu na tarehe 20 nilianza tena kutuma kurasa usiku huo huo. Lakini sikukubali tena iwe ndiyo maktaba. Kundi ni la kutangaza na kuulizana. Kitabu kikae mahali ambapo amri ya serikali ya Kinshasa haiwezi kukifunga.

Kiwix nayo ina ubaya wake: inabaki na habari za siku ilipofungashwa. Tarehe 24 Januari Félix Tshisekedi aliapishwa, mji mzima ukizungumza, na katika maktaba yetu rais wa Jamhuri aliendelea kuwa Joseph Kabila. Wanafunzi walilipenda sana jambo hilo, wakawa wanaleta wenzao kulitazama. Mwalimu wa uraia alibandika karatasi juu ya kompyuta: «Kwa jina la rais, sikilizeni Radio Okapi.» Ilibaki hapo mpaka nilipovuka tena kupakua faili mpya, Pasaka ilikuwa imeshapita.