Jedwali la Jean Rollin hatimaye limekubali

Jana usiku limekubali. Ule mstari ulionitesa wiki tatu, wa filamu ya Lèvres de sang, umetulia, na jumla haibadiliki tena kila nikifungua faili.

Mradi ni uleule: maisha yote ya kazi ya Jean Rollin, yule mwongozaji Mfaransa wa filamu za mumiani na makaburi, kwenye jedwali moja, kuanzia filamu fupi ya 1958 hadi kifo chake Desemba 2010. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Thubutu!

Kisa kilianzia 1975. Anatoa Lèvres de sang, kijana anayeandamwa na kumbukumbu ya msichana aliyemwona utotoni kwenye magofu ya ngome. Kwangu hiyo ndiyo bora kuliko zote. Sokoni ikalala. Wakati huo watu Ufaransa wanapanga foleni kwenye picha za ngono, basi ili hela irudi akachukua mikanda ileile, akapachika vipande vya kitandani, ikatoka 1976 kwa jina ambalo silitaji hapa kwa sababu mama anasoma kumbukumbu hizi.

Sasa hiyo ni filamu moja au mbili? Nikiandika moja, 1976 inapungukiwa na kazi iliyoingia kumbini kweli. Nikiandika mbili, nahesabu siku zilezile za kushika kamera mara mbili. Nikajaribu kupanga kwa jina la mwongozaji, ikawa balaa zaidi: sehemu kubwa ya miaka ya sabini ikahamia kwa bwana Michel Gentil, ambaye ni Rollin huyohuyo akitafuta hela ya kula. Nilimfuta Gentil, nikamrudisha, nikamfuta tena. Usiku mmoja nilizima kompyuta bila kuhifadhi, kwa hasira tu, na asubuhi nikalipia ujinga huo.

Dawa imekuwa kugawa karatasi mbili: moja ya yaliyopigwa, nyingine ya yaliyouzwa, kila toleo likielekezwa kwenye upigaji wake. Nikaipima kwa Le Viol du vampire ya 1968, ambayo ni ugonjwa uleule kinyumenyume. Ilianza kama filamu fupi ya kujazia onyesho la picha ya Kimarekani isiyotosha muda, kisha ikaamuliwa irefushwe iwe filamu kamili. Shida, wahusika walikuwa wameshakufa! Rollin akawafufua, akaendelea. Ikaingia kumbini Mei ileile Paris inawaka moto kwa maandamano, watazamaji wakazomea. Kwenye jedwali: upigaji mara mbili, toleo moja. Likapita bila kulalamika. Nilipiga meza hadi jirani akagonga ukuta.

Kuhusu zana: anayeunganisha visanduku kwenye jedwali anajichimbia kaburi, upangaji wote unagoma. Na programu za simu za kuorodhesha filamu nimezifuta zote, zinadhani kila kazi ina jina moja na mwaka mmoja. Kilichoniokoa ni daftari la hesabu la mirabaraba na penseli. Kompyuta ilikuja kunakili tu.

Hatua iliyofuata ilikuwa majina ya kila filamu nje ya Ufaransa. Siifanyi. Wakati najaza safu ya mahali, mkono ulijikuta unaandika Pourville, karibu na Dieppe, tena na tena. Ufuo wa kokoto, majabali meupe, safu za nguzo za mbao zilizooza zikiingia majini. Upo kwenye ile fupi ya 1958. Upo 1968. Kwenye La Rose de fer ya 1973, ambayo karibu yote iko makaburini Amiens, bado anatoka kwenda kuigusa ile bahari. Na Lèvres de sang, iliyonikosesha usingizi, inaishia hapohapo, wapenzi wawili ndani ya jeneza linaloelea.

Wengine watasema ni ubahili, bahari haidai kodi ya ukumbi. Ubahili haumrudishi mtu kwenye nguzo zilezile kwa miaka kumi na saba.

Kwa hiyo nimefungua karatasi ya tatu, ya mahali, na miaka nimeisukuma pembeni. Leo usiku ni zamu ya mwisho wa filamu yake nyingine, Le Frisson des vampires, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, nizihesabu zile nguzo.