Kumkosoa Mfanyakazi Bila Kumvunjia Heshima

Makosa ya kazini hayana budi kusemwa, tena yasemwe mapema, kwa sababu meneja anayenyamaza kwa kuogopa ugomvi huyaweka moyoni hadi siku yanapomtoka yote kwa pamoja, na siku hiyo mfanyakazi husikia hasira tu, asilisikie kosa. Utulivu ninaoutetea hapa si upole wa sauti peke yake, maana nimewasikia wakubwa wa kazi wakimdhalilisha mtu kwa sauti ya chini kabisa. Huanza kabla ya mazungumzo, pale meneja anapojilazimisha kutenganisha alichokiona na anachokidhania.

Katika ghala la vifaa vya ujenzi nilikowahi kufanya kazi, hesabu ya mwisho wa mwezi ilionyesha upungufu wa mifuko 12 ya saruji. Mtunza stoo alikuwa mtu mzima, anayeamkiwa shikamoo na karibu kila mtu, akiwemo meneja mwenyewe aliyekuwa bado kijana. Meneja hakumsema mbele ya vibarua. Alimwita ofisini, akaweka leja na hati za kupokelea mizigo mezani, akasema: “Mzee wangu, leja inasema mifuko 200, nasi tumehesabu 188. Naomba unieleze mzigo wa Jumanne ulipokelewaje.” Alitaja idadi na siku, kisha akanyamaza ili ajibiwe. Ikabainika kwamba lori lilifika mzee alipokuwa amekwenda kuswali adhuhuri, na kibarua mmoja akatia saini bila kuhesabu. Walikubaliana palepale ni nani atakayepokea mizigo mzee asipokuwepo. Angefokewa, angejitetea tu, na pengo hilo la utaratibu lisingeguswa. Wapo wanaodhani kwamba kumheshimu aliyekuzidi umri ni kumfumbia macho. Mzee yule aliulizwa swali gumu, na heshima yake ikabaki palepale.

Jambo linalonisikitisha zaidi siku hizi ni makaripio katika makundi ya WhatsApp ya kazini. Meneja hupiga picha ya kaunta isiyo na mtu, huituma kwenye kundi pamoja na maneno makali, na kabla mhusika hajafungua simu yake, wenzake wote wameshaisoma. Huenda alikuwa ametumwa benki na mkubwa mwingine. Hata akieleza baadaye, maelezo yake huonekana kama visingizio, na ile picha inabaki kwenye simu za watu. Kundi la kazi lina manufaa yake kwa ratiba na matangazo, lakini kosa la mtu mmoja meneja alizungumze na mtu huyo peke yake.

Sheria zetu nazo zinataka mtu asikilizwe. Nchini Tanzania, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri ampe mtuhumiwa wa utovu wa nidhamu muda wa kutosha wa kujiandaa kabla ya kikao, kwa kawaida usiopungua saa 48. Nchini Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ikiwa anayekaribia kufukuzwa ana haki ya kusikilizwa, sioni kwa nini aliyechelewesha ripoti anyimwe.

Meneja aliyepandwa na hasira ni afadhali aahirishe mazungumzo, ingawa kuahirisha nako kuna namna yake. Ujumbe wa “Kesho asubuhi uonane nami”, ukitumwa jioni bila neno jingine, humkosesha mtu usingizi, naye hufika kesho yake akiwa tayari kwa mapambano. Aandikiwe kwamba saa tatu asubuhi mtazungumzia kuchelewa kwa ripoti ya mauzo, na kwamba aje na takwimu za wiki iliyopita pamoja na maelezo ya kilichomkwamisha.