Bahari haiishii mlangoni mwa mto

Sisi wenye boti Mto Pangani tunaliona hili kila bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Mtumbwi uliofungwa kamba ya omo, yaani mbele ya chombo, kamba inalegea, chombo kinasita, kisha kinazunguka taratibu mpaka omo linatazama baharini. Maji yamegeuka, yanapanda. Na hapo uko katikati ya minazi, hata mvumo wa pwani huusikii.

Ndiyo maana nashtuka jamaa zangu wa juu ya mto wanaposema tsunami ni habari ya watu wa ufukweni. Mwaka 2011, kule Japani, iliingia Mto Kitakami ikapanda karibu kilomita 49.

Wimbi la upepo wa kusi linalotusumbua pale mlangoni huja kila baada ya sekunde chache, likigusa fungu la mchanga linavunjika, basi. La tsunami, toka kilele hadi kilele, ni dakika 10 mpaka hata saa nzima. Karibu nusu ya muda huo bahari inasukuma kuingia, maji ya juu na ya chini pamoja, na mto ukiwa mwembamba yanapanda kimo. Likikuta mto umejaa wa masika, maji ya mvua nayo yanakosa pa kutokea.

Wajapani wana kuta na milango ya chuma kwenye mito yao. Mwaka ule walikufa wazimamoto wa kujitolea waliokwenda kuifunga, na siku hizi mingine hufungwa kwa mitambo, mtu akiwa mbali.

Sisi tuna mikoko. Haiwezi kuizuia tsunami kubwa, lakini mizizi yake hupunguza kasi ya maji, na tope la nyuma yake huyapa maji pa kutandaa. Yakitandaa, kimo kinashuka. Anayekata mikoko ukingoni akajaza kifusi ajenge amemsukumia maji jirani yake. Mzee mmoja ng'ambo ya kifusi cha namna hiyo, bamvua kubwa sasa linamwingilia shambani. Migomba imekauka majani kuanzia kingoni, kwa chumvi. Hilo ni bamvua tu. Linaniuma sana.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa onyo, tusiishie kupigiana simu Pangani mjini na Bweni, kijiji cha ng'ambo pale mlangoni. Tuwapigie na wa juu ya mto, wapande mwinuko. Maji ya kwanza yakishuka, ndugu zangu, msirudi kutazama mitumbwi: wimbi la pili laweza kuja baada ya nusu saa, tena kubwa kuliko la kwanza.